Kabla hujanunua tangi, yazuie maji shambani

Mvua moja ya milimita 30 ikinyesha kwenye eka moja humwaga lita zaidi ya 120,000, yaani matangi 24 ya lita 5,000. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo mkulima wa Kongwa, Chamwino au Mpwapwa huletewa matangi hayo mara kadhaa kila kifuku. Tatizo ni kwamba mvua hushuka kwa kishindo juu ya udongo ulioshikana kama sakafu, na nusu saa baadaye maji yapo korongoni, mekundu kwa udongo wako. Februari jua likikaza wiki mbili tatu, mahindi yanakunja majani yakiwa yamebakiza siku chache kuchanua.

Tangi la paa lina kazi yake, nayo ni maji ya nyumbani. Paa la bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 550, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linakupa lita 22,000 kwa mwaka mzima. Ukiyamwaga yote kwenye eka moja ni sawa na mvua ya milimita 5 na kitu, haifiki hata mizizi. Ghala la maji ya mazao ni udongo wenyewe, na udongo uliochoka hauna mahali pa kuyaweka. Ndiyo maana kuvuna mvua na kurudisha rutuba ni kazi moja.

Ukague udongo kwanza

Mara baada ya mavuno, chimba shimo la kufika goti sehemu tatu: juu ya shamba, katikati na chini. Kwaruza ukuta wa shimo kwa kisu kutoka juu kushuka. Mara nyingi kisu kitapita vizuri, kisha kwenye kina cha sentimita 10 hadi 20 kitagota. Hilo ni gamba lililotengenezwa na jembe au plau kupita kina kilekile miaka nenda rudi. Ng'oa na kisiki cha mahindi ya msimu uliopita: mizizi iliyopinda na kutambaa pembeni inakuonyesha jambo hilohilo.

Halafu chukua bonge kavu la ukubwa wa yai, ulizamishe taratibu kwenye glasi ya maji. Likimeguka na kuwa uji ndani ya dakika chache, udongo huo hauna mboji ya kuushikilia, na matone ya mvua yatausaga vivyo hivyo na kuziba vitundu vya juu ambamo maji yangepita.

Kama shamba lako ni la udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua, mashimo tutakayoyaeleza hapa hayafai. Maji yatatuama na mizizi itaoza. Huko lima matuta, au majaluba ya mpunga kama wanavyofanya Shinyanga na Tabora.

Kontua na fanya juu

Kontua ni mstari unaokata mteremko ukiwa kwenye usawa mmoja mwanzo hadi mwisho. Kipimo cha kuutafutia, cha herufi A, hakigharimu kitu. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge pamoja kileleni, tanua miguu iachane mita 2, kisha funga mti wa tatu ukingame katikati ya urefu wa miguu. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya mti uliokingama. Hiyo ndiyo timazi yako. Simamisha kipimo, weka alama kamba inapogusa mti. Sasa geuza, mguu wa kushoto ukanyage palepale ulipokuwa wa kulia, na wa kulia palipokuwa pa kushoto, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Anayeruka hatua hii ya kugeuza hupiga mstari wenye mteremko akidhani ni kontua, maji yote hukimbilia upande mmoja, na tuta huvunjika mvua ya kwanza. Pima asubuhi mapema, kwa sababu upepo wa Dodoma wa kiangazi hauiachi kamba itulie.

Piga kigingi kila mguu unapokanyaga. Ukimaliza, simama mwisho wa mstari uutazame kwa jicho moja: vigingi viwili vitatu vilivyochomoza visogeze kidogo ili mstari upinde taratibu.

Nafasi kati ya mstari na mstari inategemea mteremko. Vuta kamba ya mita 10 kuelekea bondeni, iwekee pima maji hadi ilale sawa, kisha pima urefu kutoka ardhini hadi kwenye kamba upande wa chini. Ukipata sentimita 50, mteremko ni asilimia 5, na mistari iachane mita 20 hivi. Asilimia 10, mita 13 au 14. Asilimia 15, mita 11 au 12.

Fanya juu, ambazo zimeenea sana Machakos na Makueni, ni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo wake ukirushwa upande wa mlimani kuwa tuta. Acha ukingo wa sentimita 20 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo mvua itaurudisha udongo mtaroni. Shindilia tuta kila unapoongeza tabaka. Kadiri miaka inavyopita, udongo unaoshuka hunaswa nyuma ya tuta na shamba hulala lenyewe kuwa ngazi.

Lakini usiuachie mtaro kazi yote, na hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo. Chukua ukanda wa mita 20 kati ya mstari na mstari, mvua ya milimita 50, nusu yake ikitiririka: kila mita moja ya tuta inapokea lita 500. Mtaro wa 60 kwa 60 unabeba lita 360. Tuta linaongeza nafasi kiasi, ila tuta jipya likibebeshwa mzigo huo wote linapasuka. Maji yazuiwe palepale yanapodondoka. Mtaro ni wa yale yaliyozidi. Anza na mstari wa juu kabisa wa shamba, hata kama nguvu yako mwaka huu inatosha mstari mmoja tu, kwa sababu ukianzia chini utapokea maji ya shamba lote.

Mwisho wa kila mtaro uwe na mlango wa maji uliopangwa mawe, ukae sentimita 15 hivi chini ya usawa wa tuta, na uelekee penye nyasi, kamwe si njiani wala kwa jirani. Juu ya tuta panda vetiva au nyasi za asili za eneo lako, mashina yakiachana sentimita 20. Tuta tupu halimalizi misimu miwili.

Mashimo ya Chololo

Haya yamechukua jina la kijiji cha Chololo, Dodoma, na ndiyo tunayoyapendekeza kwa nafasi iliyo kati ya mtaro na mtaro. Kipenyo ni sentimita 22, kina sentimita 30, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90. Kina hicho hakikuwekwa kwa kubahatisha: lazima kitoboe lile gamba. Ukichimba sentimita 15 ukaishia juu yake, umetengeneza bakuli la kukaushia maji juani.

Eka nzima inaingia mashimo 7,500 hivi. Ni kazi nzito, tusidanganyane. Anza na robo eka: mashimo 1,900, ambayo mtu mmoja akichimba 50 kila asubuhi atamaliza kwa siku 38. Anza mara baada ya mavuno, udongo ukiwa na unyevu bado. Funga mafundo kwenye kamba kila sentimita 60, kata fimbo ya sentimita 30 ya kupimia kina, tumia sululu kuvunja gamba na jembe kutoa udongo. Mashimo ya mstari wa chini yakae mkabala na nafasi zilizo kati ya mashimo ya mstari wa juu, ili maji yanayoponyoka hapa yadakwe pale. Udongo unaotoka uweke upande wa bondeni, kwa umbo la mwezi mchanga, si kuzunguka shimo zima, maana ukizungushia utayafungia maji nje.

Kujaza: tia konzi moja ya mabua yaliyokatwakatwa, jivu kidogo la kupunguza mchwa, kisha samadi iliyoiva, kopo la lita 1, ambayo ni nusu kilo hivi. Fukia kwa udongo wa juu, ule mweusi kidogo, lakini usilijaze shimo. Bakiza sentimita 10 tupu. Ingiza ngumi: ikizama hadi kwenye kifundo cha mkono, sawa. Shimo lililojazwa hadi mdomoni limekula jasho lako bure, maana ile nafasi tupu ndiyo inayokusanya maji.

Kwa eka nzima hiyo samadi inafika tani 3.75, kwa robo eka, karibu tani 1. Hesabu samadi kwanza, ndipo uamue idadi ya mashimo. Na iwe imeiva kweli: irundike kivulini, ilowanishe, ifunike, igeuze kila baada ya wiki tatu kwa miezi mitatu. Ikiwa tayari haitoi joto ukiingiza mkono na hainuki mkojo. Mbichi huunguza miche ikikutana na kiangazi kifupi, na huleta mbegu za magugu. Mabua mengi kuliko samadi nayo hugeuza majani kuwa ya njano, kwa sababu vijidudu vinavyooza mabua hula naitrojeni kabla ya mmea.

Panda mtama mbegu 4 au 5 na upunguze zibaki 2 au 3. Mbegu ya mtama iitwayo Macia hukomaa mapema na inafaa. Mahindi bakiza 2. Kunde zipite kati ya mistari. Ukiwa na uwezo wa mbolea ya dukani, kizibo cha soda chenye gramu 5 kwa shimo kinatosha, chini ya mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka, ila weka udongo ukiwa na unyevu na isigusane na mbegu. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi, king'oe kabla hakijatoa maua.

Msimu wa pili usichimbe upya. Zoa mchanga ulioingia, ongeza samadi, panda. Mashimo yakijaa mchanga kila mvua, usilaumu mashimo; yapo maji yanayoingia shambani kutoka juu ambayo bado hujayakinga.

Moto, ng'ombe na visiki

Kuberega, yaani kuchoma mabaki na kupanda bila kutifua, kunaurudisha udongo kulekule. Mabua yalale kati ya mistari, angalau theluthi ya ardhi isionekane. Tunajua ng'ombe wa kijiji huingia mashambani baada ya mavuno, na bila makubaliano na wafugaji au sheria ndogo ya kijiji matandazo hayatabaki. Zungumzeni kabla ya mavuno: nusu ya mabua yavunwe yakaliwe zizini na samadi irudi shambani, nusu ibaki.

Kondoa, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), vilima vilivyokuwa vipara vilifunikwa tena na uoto, kwa kuwa visiki na mbegu vilikuwa bado ardhini. Kwako pia vipo. Kisiki hai kinachochipua vitawi 15 kibakize 2 au 3 vilivyonyooka, pogoa matawi ya nusu ya chini, funga kitambaa cha rangi ili mpalizi asikikate. Mgunga aina ya Faidherbia albida ukiwa nao, utunze kuliko yote: hupukutisha majani wakati wa mvua, kwa hiyo hauyapi mazao kivuli.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha mchana, bila radi, vaa mabuti utoke na jembe na vigingi. Pita juu ya kila tuta. Maji yanapotaka kuvuka, hapo ndipo palipo chini: piga kigingi. Panapovuja katikati ya tuta pana tundu la panya au mchwa: piga kigingi kingine. Maji yakiisha kukauka, chimbua hayo matundu hadi mwisho wake, jaza udongo wenye unyevu na ushindilie, na sehemu zilizobonyea ziinue sentimita 10 kupita nyingine, kwa sababu udongo mpya utashuka.