Ada si kikwazo pekee cha Rotary

Umeuliza kama Rotary, mtandao wa klabu za watu wanaojitolea kuhudumia jamii, itakua tena ikipunguza ada za uanachama. Sidhani kwamba hilo pekee litatosha. Shirika hili, lililoanzishwa Chicago mwaka 1905, lilijihuisha lilipofungua milango: wanawake walikubaliwa rasmi mwaka 1989, na mwaka 2019 klabu za Rotaract, yaani zile za vijana, zikapitishwa kuwa wanachama wa Rotary International. Kinachonisikitisha ni mwanachama mpya anayevishwa pini, kisha akaachwa miezi mingi akisikiliza hotuba bila kukabidhiwa kazi yoyote. Mpeni jukumu katika mradi tangu mwanzo. Na kwa kuwa mabadiliko ya mwaka 2016 yanaruhusu klabu kukutana angalau mara mbili kwa mwezi, msimpoteze mfanyakazi wa zamu kwa ajili ya mkutano wa chakula cha mchana wa kila wiki.