Barua kwa mwanangu kuhusu theluji na ukoo

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Umesema mjukuu wangu anataka kwenda kuteleza kwa ski, vile vibao virefu vya thelujini, na wenzake wa shule, kisha ukaniuliza: "Baba, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wenzake wamezaliwa na watu wa theluji, sisi tumetoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Atawawezea wapi?"

Nitakujibu kwa habari za jirani zetu hapa jimbo la Vermont, akina Cochran wa mji wa Richmond, mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini Winooski. Mickey na mkewe Ginny walizaa watoto wanne, na wote wanne waliingia timu ya Marekani ya Olimpiki. Mmoja wao, Barbara Ann, alishinda medali ya dhahabu ya slalomu, mbio za ski za kupinda kati ya vigingi, kule Sapporo, Japani, mwaka 1972, kwa tofauti ya sekunde 0.02. Kope haiwahi hata kushuka! Miaka 50 baadaye, Beijing 2022, mwanawe Ryan Cochran-Siegle akapata medali ya fedha katika super-G, mbio za ski za kasi zaidi zenye kona chache. Dhahabu ilimponyoka kwa sekunde 0.04.

Ukisikia hayo utasema ni damu. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka siku nilipompeleka mdogo wako huko na darasa lake nikakiona kilima chenyewe. Mwanangu, ni kidogo. Nilitazamia mlima unaofichwa na mawingu, nikakuta mteremko nyuma ya nyumba ya watu. Mwaka 1961 Mickey, ambaye alikuwa mhandisi, alifunga hapo kamba inayozungushwa kwa mashine, watoto wake wapate kufanya mazoezi jioni wakitoka shule. Unaishika kamba, inakuvuta hadi juu, unashuka, unaishika tena. Kwa kuwa kilima ni kifupi, mtoto anashuka mara nyingi mno katika jioni moja, na slalomu inataka hasa hilo: kukata kona baada ya kona, hadi miguu igeuke yenyewe kabla akili haijapata muda wa kuogopa. Watoto wa majirani nao wakaja. Ginny akawafundisha, na jiko lake likawa mahali pa kuota moto.

Mimi nilijua kuogelea kabla sijajua kuhesabu. Babu yako hakunipa damu ya samaki. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, naye kila jioni, hata akiwa amechoka na nyavu, aliingia majini pamoja nami. Nakumbuka kiganja chake chini ya tumbo langu, na siku alipokiondoa bila kuniambia.

Kuna jambo jingine ambalo natamani ulijue. Barbara Ann, na dhahabu yake hiyo, alirudi kwenye kilima cha baba yake akafundisha watoto wadogo wa miaka mitatu hadi mitano. Lakini aliowafundisha hasa ni wazazi: namna ya kumshika mtoto, namna ya kurudi nyuma mbele yake, wakati gani wa kumwachia. Na kile kilima sasa kinaendeshwa bila faida, na wamejiwekea kwamba asiwepo mtoto anayenyimwa nafasi ya kuteleza. Kwa hiyo usianze kuhesabu hela kabla hujawauliza.

Sitakuficha hatari. Ryan huyo huyo alianguka Kitzbühel, Austria, Januari 2021, akavunjika mfupa wa shingo. Nilipoiona habari ile nilimfikiria mama yake kwanza. Ila wale wanashuka kwa kasi ya magari ya barabara kuu. Mjukuu wangu ataanzia mahali ambapo akianguka anakaa tu kwenye theluji, na kofia ngumu atavaa, hilo halina mjadala.

Kwa hiyo usiulize kama yeye atawaweza wenzake. Niambie kama wewe Jumamosi una nafasi, maana wewe ndiye utakayefundishwa. Nitakuja saa mbili asubuhi na chai kwenye chupa. Glavu za mdogo wako za zamani nimezipata kabatini, bado nzima. Mpimishe mtoto viatu kesho, unitumie namba ya mguu wake.

Baba yako