Swali la Lugha: Chuo kimenunua majarida?

Mkutubi wa Unguja anauliza: "Tunatayarisha nakala ya Kiswahili ya mkataba wa majarida ya kielektroniki, 2026 hadi 2028. Mwenzangu ameandika 'chuo kimenunua majarida'. Mimi nataka 'chuo kimejisajili'. Lipi sahihi?"

Yote mawili yana kasoro, na "kimenunua" ndilo la hatari zaidi. Jarida la karatasi ukishalinunua hubaki rafuni hata usipolipa mwakani. La kielektroniki hukaa kwa mchapishaji. Malipo yakikatika, hata makala za miaka mliyokwisha kulipia huweza kufungwa, ila mkataba ukisema vyengine. "Kujisajili" nako hakutaji ada wala muda. Andikeni "chuo kimelipia leseni ya kusoma majarida kwa miaka 3".

Nawasihi lakini mkikague zaidi kifungu cha haki zinazobaki baada ya mkataba kwisha, maana hapo kitenzi kimoja hubeba fedha nyingi. "Makala zilizochapishwa katika kipindi cha mkataba" ni za 2026, 2027 na 2028, basi. "Makala zilizokuwa zikisomeka katika kipindi cha mkataba" huingiza na zile za zamani zilizofunguliwa kwa leseni hiyohiyo. Kama mazungumzo hayajafungwa, ombeni ya pili. Mchapishaji akiwa amekubali ya kwanza tu, msiiandike ya pili kwa kuwa inapendeza masikioni.

Vilevile "mchapishaji ataweza kuipatia maktaba nakala za kuhifadhi" haimfungi mtu. "Ataipatia" ndiyo inayodaika.

"Wanafunzi na wafanyakazi wa chuo" haiwaingizi wageni wanaokuja kusoma kwenye kompyuta za maktaba; kama wameruhusiwa, watajeni. Na kwa chuo chenye kampasi Tunguu, Vuga na Pemba, neno "chuo" peke yake ni jembamba mno. Andikeni "kampasi zote za Unguja na Pemba", kisha kiambatisho kiorodheshe anwani za IP za kila kampasi, yaani namba ambazo mchapishaji huutambulia mtandao wake. Ya Pemba ikisahauliwa, msomaji wa huko atadaiwa alipie makala ilhali ada imeshalipwa.

Epukeni pia "mkataba utahuishwa", kwani haisemi na nani. Ikiwa mkataba wa asili wasema unaendelea wenyewe, andikeni "utajihuisha isipokuwa maktaba itoe taarifa siku 60 kabla", au siku zozote mlizokubaliana. Na nakala zote mbili, ya asili na ya Kiswahili, zikisainiwa, kifungu kimoja kitaje ipi itafuatwa zikigongana.