Msiwarundike Wote Jumamosi Asubuhi

Mwaka wa kwanza wa tamasha letu la filamu fupi tulikuwa na kipindi tulichokipa jina tamu sana, "Sauti Zetu Sote". Tulikipanga Jumamosi saa nne asubuhi. Humo tuliweka filamu ya mwongozaji kiziwi, ya wasichana wawili wakimbizi, ya mzee aliyeshika kamera mara ya kwanza baada ya kustaafu, na nyingine tatu. Hazikuwa na uhusiano wowote, ila tu kwamba waliozitengeneza hawakufanana na sisi tuliokaa kwenye kamati. Tukajipongeza. Tukapiga na picha ya pamoja.

Ukumbini walikuja watu 11, na saba kati yao walikuwa watengenezaji wenyewe na ndugu zao. Baada ya onyesho yule mwongozaji kiziwi aliniambia, kupitia mkalimani wake wa lugha ya alama: "Mmetualika nyumbani, kisha mkatukalisha uani."

Sasa ni miaka sita tangu siku hiyo. Bado naandaa tamasha kwa kujitolea, na mara kwa mara hukutana na watu wanaotaka kuanzisha la kwao. Karibu wote huanza kwa kuniuliza projekta gani wanunue. Projekta nitaifikia. Kwanza tulimalize hili la uani.

Filamu ya yule mzee ilikuwa kichekesho cha dakika sita, mtu anagombana na saa ya ukutani. Kwa nini tuliibana katikati ya filamu mbili za msiba? Kwa sababu tulimtazama aliyeitengeneza, hatukuitazama filamu. Mwaka wa pili tulimwomba radhi, tukaifanya ifungue usiku wa mwisho, ukumbi umejaa. Watu walicheka hadi mwendesha projekta akasahau kuwasha taa. Filamu ni ileile, haikuongezwa hata sekunde moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: changanya. Panga vipindi kwa kufuata kitu kilichomo ndani ya filamu, iwe ni hofu, utani, safari, au ukimya. Jina la kundi analotoka mtengenezaji lisiwe jina la kipindi, labda kama watengenezaji wenyewe wameomba hivyo. Hilo hutokea, na wana haki yao.

Lakini ratiba ni tawi tu. Mzizi uko kwenye meza ya uteuzi. Kamati yetu ya mwanzo ilikuwa marafiki watano waliopenda filamu zilezile. Kila ilipokuja filamu yenye mwendo tusiouzoea, tuliandika "inachosha". Baadaye tulipokaribisha wengine mezani, mmoja wao akatueleza kwamba simulizi ya filamu moja kati ya hizo ilikuwa inazunguka makusudi, inarudia jambo moja kila mara na badiliko dogo. Tulikuwa tumeikataa kwa kutokujua kusikiliza. Siku hizi kila filamu hutazamwa na watu watatu kila mmoja kwa wakati wake, kisha ndipo tunakutana. Na mtu mmoja akiipigania kwa nguvu, hata kama wengine wawili wameikataa, inarudi mezani. Filamu ambayo wote wameipa alama za wastani hunipa usingizi kuliko ile iliyotugombanisha.

Tazameni pia fomu yenu ya maombi. Ada ya kuingiza filamu, hata ikiwa ndogo, huwachuja kimyakimya walewale mnaosema mnawatafuta. Kama hamwezi kuifuta, wekeni mstari mmoja tu wa kuomba msamaha wa ada, na msidai barua ya kuthibitisha umaskini wa mtu. Masharti ya kwamba filamu isiwe imeonyeshwa popote kabla, waachieni matamasha makubwa. Tamasha la jamii linapoteza nini filamu ikiwa imekwishawekwa kwenye intaneti? Wengi wa watazamaji wenu hawajaiona.

Urefu nao uamueni mapema. Academy ya Marekani, ile ya tuzo za Oscar, huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya waliohusika yanayopita mwishoni, na tamasha la Cannes la Ufaransa katika shindano lake la filamu fupi huishia dakika 15. Sisi tumesimama kwenye 20. Sababu ni hesabu tu: kipindi cha saa moja na nusu, ukitoa utangulizi na mazungumzo, hubakiza kama dakika 65 za filamu. Ukiingiza moja ya dakika 35 umewatoa watu watatu au wanne, kwa hiyo iwe kweli inastahili nafasi zao.

Na akitokea wa kukuambia kwamba filamu fupi ni mazoezi ya kuelekea filamu ndefu, mkumbushe Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Siku hiyo ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu 10, kila moja isiyofika dakika moja. Sinema ilianza kama kipindi cha filamu fupi. Hizo ndefu ndizo zilizokuja baadaye.

Kupanga mfuatano ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Anza na filamu fupi iliyo wazi, kwa sababu watu bado wanatafuta viti na kuzima simu. Filamu nzito kuliko zote usiiweke mwisho kwa kudhani ndipo penye heshima. Mtazamaji wa filamu ya nane amechoka, na atamnyima mtengenezaji machozi aliyostahili. Iweke ya tatu au ya nne kutoka mwisho, halafu umpe mtu nafasi ya kupumua. Wakati mmoja nilibandika kichekesho mara tu baada ya filamu ya mama aliyefiwa. Vicheko vilitoka nusunusu, kama watu wanaona aibu, na filamu zote mbili zikaharibika. Tangu hapo tunaacha skrini nyeusi kwa sekunde 10 baada ya filamu ya namna hiyo. Sekunde 10 gizani ni ndefu kuliko unavyofikiri.

Haya, projekta. Iwe na mwanga wa kutosha kwa ukumbi wenu, basi. Watazamaji husamehe picha iliyofifia kidogo, ila sauti mbaya hawaisamehe, kwa hiyo fedha ikiwa haba ielekezeni kwenye spika. Ombeni mafaili wiki tatu kabla. Mtapokea kila aina: fremu (yaani picha) 24 kwa sekunde, 25, 30, nyingine zimepigwa kwa simu iliyosimama wima. Kila filamu ina kiwango chake cha sauti, moja inanong'ona na inayofuata inapasua masikio. Kaeni ukumbini wenyewe, chezeni dakika ya kwanza na ya mwisho ya kila faili, na muandike kando kiwango cha sauti cha kila moja. Kujaribu kwenye laptopu nyumbani si kujaribu.

Manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, wekeni kwenye filamu zote, hata zile za lugha ambayo kila mtu ukumbini anaijua. Mistari isizidi miwili, na kila mmoja usizidi herufi 42 hivi, vinginevyo mtu anasoma tu na picha haioni. Kwa ajili ya viziwi andikeni pia sauti zenye maana: mlango unagongwa, mbwa anabweka mbali. Hilo alitufundisha yuleyule wa uani.

Muziki utawaletea maumivu ya kichwa. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na aghalabu haki hizo zina wenyewe tofauti. Kuununua wimbo ili uusikilize hakukupi ruhusa ya kuuweka kwenye filamu. Fomu yenu imtake mtengenezaji athibitishe kuwa ana idhini ya haki zote mbili, na mumwambie hivyo mapema ili apate muda wa kubadilisha.

Kuhusu mazungumzo baada ya onyesho, nina neno kwa anayeshika kipaza sauti. Wasichana wale wakimbizi waliulizwa maswali saba, yote kuhusu safari yao na kambi. Filamu yao ilikuwa ya ndugu wawili wanaogombea baiskeli. Hakuna aliyeuliza kwa nini kamera ilikaa chini usawa wa magurudumu muda wote, na mimi niliyekuwa na kipaza sauti sikuuliza pia. Siku hizi swali la kwanza nalishika mwenyewe, na huwa la kazi: ulikata wapi, kwa nini pale, nini ulikitoa kikakuuma. Mtu akishaanza kueleza kazi yake, watazamaji nao huuliza vizuri.

Walioshindwa kuingia waandikieni. Wote, tena kabla ya kutangaza walioingia. Nimewahi kusubiri jibu la tamasha moja hadi nikaiona ratiba yao ikiwa imebandikwa, jina langu halimo. Mistari mitatu inatosha, na kama mna neno moja la kweli kuhusu filamu yenyewe, liongezeni.

Mwaka wa tatu nilimwendea yule mwongozaji kiziwi nikamwomba aingie kwenye kamati ya uteuzi. Akauliza kama atakuwa na kura au atakuwa pambo. Nikamwambia kura. Kikao cha kwanza tu akaikataa filamu niliyoipenda kuliko zote mwaka ule. Alisema ni ya ujanja mwingi na haina mtu ndani yake. Tulibishana hadi mkalimani akaomba mapumziko. Filamu haikuingia.