Kuandika riwaya ya Dar ya 1983 wakati hukuwepo: jibu refu kidogo

Mkuu umeuliza kama mtu aliyezaliwa 1996 anaweza kuandika riwaya ya Dar ya 1983, kipindi kile cha msako wa wahujumu uchumi (walanguzi na walioshukiwa kuficha bidhaa), na wazee wakaisoma bila kumcheka. Anaweza kabisa. Mi nilikuwepo, nilikuwa darasa la tatu Magomeni, na nimeshaandika hadithi kadhaa za miaka ile, ila kuwepo peke yake hakusaidii kihivyo, maana mtoto anakumbuka ugali wa ule unga wa njano tuliokuwa tunauita wa Yanga, hajui kwa nini baba na wageni wake walikuwa wakiongea wanashusha sauti.

Nimesoma hizo kurasa ulizotuwekea. Utafiti umefanya, tena mwingi mpaka wahusika wako wanautapika. Yule mama anamwambia jirani yake "unajua RTC, ambalo ni shirika la biashara la mkoa, wameishiwa sukari". Aisee nani anaongea hivyo? Jirani anaijua RTC kuliko anavyomjua mumewe. Angeuliza tu "wameleta?", mwenzie ajibu "hamna, wanasema kesho", basi. Msomaji asipoelewa hapo ataelewa ukurasa unaofuata, usimhurumie sana.

Foleni nayo umeiandika kama mtu aliyeiona kwenye picha, watu wamejipanga usiku kucha kama wanajeshi. Sisi tulikuwa tunaweka mawe. Mama ananiamsha alfajiri naenda kuweka tofali letu mbele ya duka, nakuta wengine washaweka kopo, ndoo mbovu, kandambili iliyokatika, kila kitu kina mwenyewe na watu wanajua cha nani ni kipi. Sasa kuna siku mtu akafagia pale mbele, vyote akavisukumia pembeni lundo moja. Mwanzoni hakuna aliyepiga kelele, kina mama wakawa wanaokota kila mmoja chake anarudisha kwenye mstari, shida ni kwamba kila mmoja alikuwa anakumbuka chake kilikuwa cha nne. Huo ugomvi ndo foleni yenyewe, na gazetini huukuti. Ila hata wewe unao wa kwako, ushawahi kusimama foleni ya kitambulisho ukamwona yule jamaa anayeibuka na "mi nilikuwa nyuma ya huyu dada", zile hasira zichukue hivyo hivyo umpe mhusika wako, hazijabadilika tangu 83.

Wazee kaongee nao, ila waulize vitu vidogo. Ukimuuliza mzee maisha yalikuwaje atakupa hotuba. Muulize sukari walikuwa wanaificha wapi, sabuni ikikosekana walifulia nini, utasikia majani ya mpapai na hapo ndo stori zinaanza kumwagika. Halafu usiamini kila kitu, maana kwa wengi njaa ya 1974, vita vya Kagera na msako wa 1983 vyote vimeshakuwa "enzi za shida". Shangazi yangu anaapa aliwaona wahujumu kwenye TV, wakati Bara tumepata kituo cha TV 1994, Zanzibar ndo walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Yeye alikuwa na redio tu, RTD, picha kajitengenezea mwenyewe (na anazisimulia vizuri kweli, ningekuwa wewe ningeziiba). Kwahiyo ukitoka kwa mzee nenda Maktaba Kuu au East Africana, mkusanyiko wa maktaba ya chuo kikuu pale Mlimani, omba Uhuru na Daily News za mwaka ule, na usiishie vichwa vya habari, soma matangazo madogo na barua za wasomaji, huko ndo utajua sinema gani ilikuwa inaonyeshwa na watu walikuwa wanalalamikia nini.

Wengi wanafanya utafiti ili wapambe, mi naona faida yake kubwa ni pale unapokukatalia. Mpaka na Kenya ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa Novemba 1983, kwahiyo huyo Hamisi wako anayepanda basi kwenda Nairobi mwezi wa sita kufuata nguo za duka haiwezekani. Apite njia za panya, alale kwa mtu asiyemwamini, arudi na mzigo kipindi ambacho Dar watu wanatupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Hapo ushapata chapta nzima ambayo hukuipanga.

Na pale ulipoandika Jumapili jioni tajiri anampitia Rehema na Peugeot waende Oysterbay, Jumapili kuanzia mchana magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea bila kibali, ilikuwa kubana mafuta. Ama wapande basi la UDA wabanane na watu, Rehema akanyagwe kiatu kipya, ama jamaa awe na kibali, na hapo msomaji ataanza kujiuliza kakipata kwa nani wakati wenzie wanakamatwa. Mi ningempa kibali.