Ukiolewa Tanga kutoka nje, anzia uani

Msichana wa bara akisema anaolewa Tanga, kila mtu ana la kumwambia. Wanawake wa kule wanajua kupika, wanajua kumtunza mume, wana udi na maneno laini, mgeni hafui dafu mbele yao. Nilipohama Nakuru kuja kuishi Makorora na mume wangu, maneno hayo yalikuwa yamenijaa masikioni. Leo watoto wangu wanaongea Kiswahili cha Tanga kunizidi mimi, na wadogo zangu wanaokuja huku kwa ndoa au kwa kazi, kutoka Kenya, Uganda, Burundi na Kongo, nawaambia hivi: udi utaununua, na biriani utafundishwa. Kitakachokufanya uwe mtu wa hapa ni kushiriki shida na shughuli za wenzako. Na mlango wa kuingilia ni msiba, si harusi.

Harusi ina kadi. Msiba hauna. Mtu akifariki mtaani, habari inatoka msikitini na inapita kwenye simu, na kwa kuwa Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo, hakuna nafasi ya kukaa ukijiuliza kama unahusika. Unahusika. Vaa gauni la heshima, jitande kanga au mtandio, nenda. Wanaume utawakuta nje kwenye viti na majamvi, wanawake ndani na uani. Wape wafiwa mkono wa pole, kaa kidogo kwenye mkeka, halafu inuka uende uani ukaulize kazi gani imebaki. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini mtaani kwetu hakuna atakayekupa jembe hilo. Watakuheshimu, watakukaribisha chai, watakuita wifi, na utabaki mgeni mpaka siku utakapolichukua mwenyewe.

Mimi ni Mkristo, na swali la kwanza ninaloulizwa na wenzangu ni kama wasio Waislamu wanaruhusiwa kukaa hapo. Wanaruhusiwa, tena wanatarajiwa. Wakati wa kisomo na dua utanyamaza na kuinamisha kichwa, basi. Jambo la kulishika mapema ni nyama. Kuchinja ni kazi ya Mwislamu, hata awe kuku mmoja wa jikoni kwako, kama unataka jirani yako ale kwa amani. Mwite kijana wa jirani akuchinjie, na unapotenga chakula sema wazi nani kachinja kabla hujaulizwa. Watu wa hapa wana haya, hawatakuuliza. Wataacha tu nyama pembeni mwa sahani wakisifia wali.

Uani mgeni hupewa vitunguu. Usione umedharauliwa. Anayemenya vitunguu anakaa katikati ya mazungumzo, na kwa asubuhi moja utajua nani mgonjwa na kalazwa hospitali ya Bombo, nyumba ipi inapangishwa, fundi yupi wa cherehani hacheleweshi nguo, na dada gani hasemi na wifi yake, usije ukawaketisha pamoja nyumbani kwako. Wenzako wanachagua mchele kwenye ungo, wengine wanachochea moto. Ukishazoeleka kwenye vitunguu, omba mbuzi ukune nazi.

Kukuna nazi kulinifundisha mengi kuliko darasa lolote la mapishi. Unaketi juu ya mbuzi, unashika nusu ya nazi kwa mikono miwili, unaisukuma kwenye meno ya chuma huku ukiizungusha kidogo kidogo. Bara tulipika kwa mafuta, kwa hiyo nilikuwa nakuna kwa nguvu nimalize haraka. Bi mkubwa mmoja aliyekaa pembeni yangu alinyoosha mkono akaizungusha ile nazi mikononi mwangu, kisha akasema, "Mwanangu, sikiliza. Sauti ikibadilika umefika kwenye kifuu, geuza." Ni kweli. Nyama ya nazi ina sauti nyororo, ukikaribia kifuu inakwaruza, na ukiendelea ule weusi unaingia kwenye machicha na tui linachafuka rangi. Baada ya hapo unatia maji ya uvuguvugu, kidogo sana, unakamua na kuchuja kwa kifumbu. Hilo la kwanza, zito, ndilo kasimile, liweke kando. Tia maji tena, kamua tena, hilo ndilo jepesi la kuchemshia. Maharage, mbaazi, samaki, kisamvu, vyote vinaivia kwenye jepesi, na kasimile huingia mwishoni, moto mdogo, unakoroga bila kuacha lisije likakatika. Siku hizi sokoni kuna mashine, unakuniwa nazi zako ukiwa umesimama, na nyumbani kwangu mimi hutumia mashine bila wasiwasi. Lakini mbuzi ijue. Siku ya shughuli umeme ukikatika, mwanamke anayeijua mbuzi anaitwa kwa jina lake.

Kwa chakula kingine chote usijisumbue kukumbuka ulichoacha kwenu. Soko la Mgandini linapokea kabichi, karoti, viazi na matunda ya baridi kutoka Lushoto, kwa hiyo anayetoka nyanda za juu hatalala njaa. Ila jifunze mchunga. Ni mboga chungu, na mara ya kwanza utadhani umekosewa. Ukipikwa kwa nazi na kuliwa na ugali na dagaa au samaki wa kukaanga, utautafuta mwenyewe.

Salamu nazo zina uzito huku. Kule kwetu unaingia dukani unasema nipe mkate, unalipa, unaondoka, na hakuna aliyekosewa heshima. Huku utasalimia kwanza, utaulizwa umeamkaje, za tangu jana, watoto hawajambo, ndipo uombe mkate. Anayekuzidi umri mpe shikamoo, hata kama ni muuza maandazi na wewe ni meneja wa benki. Na ukipita mbele ya baraza wamekaa watu, usipite kimya ukitazama simu. Wafanyakazi wengi wanaotoka nje, hasa wanaoishi Raskazone kwenye nyumba zenye mageti, hulalamika kwamba Tanga hakuna marafiki. Ukichunguza, mtu anatoka na gari asubuhi na kurudi na gari jioni. Majirani hawajawahi hata kusikia sauti yake.

Ramadhani ikifika utaletewa sahani. Adhana ya magharibi inakaribia, mtoto anapiga hodi ameshika kawa: chini yake mihogo ya nazi au tambi, kaimati, pengine na uji wa pilipili manga kwenye chupa. Sahani hiyo usiirudishe tupu. Si lazima uirudishe siku hiyo, wala si lazima uweke kitu cha gharama. Mimi huweka chapati za kwetu, laini na kubwa, na sasa majirani huzisubiri. Mchana wa mfungo usile wala kunywa barabarani, na kama watoto wako hawafungi, wafundishe kula ndani. Hakuna atakayekukemea, lakini heshima hiyo inaonekana na inakumbukwa mpaka Ramadhani nyingine.

Sasa pesa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona wenzangu wakiumia. Shughuli za Tanga ni tamu. Kuna sare ya kitenge au doti ya kanga, kuna mchango, kuna kumtuza bibi harusi, kuna ngoma ya wanawake peke yao uani mpaka usiku. Mgeni anayetaka kupendwa husema ndiyo kwa kila sare. Mwezi wenye harusi tatu unammaliza, na ndipo anapoangukia kwenye mikopo ya riba kali, ile ya kausha damu, anaweka friji au televisheni rehani na mumewe hajui. Usifanye hivyo. Chagua shughuli za watu wa karibu yako, toa mchango wako mapema na uhakikishe umeandikwa kwenye daftari, na kwa nyingine nenda na gauni lako zuri ulilonalo. Mwanamke aliyekuja alfajiri kusaidia kupika pilau hakuna anayemuuliza sare iko wapi. Ingia mchezo mmoja wa kupeana pesa kwa zamu, wa watu mnaofahamiana nyumba kwa nyumba, wenye kiwango ambacho hata mwezi mbaya utakiweza. Usiingie mitatu.

Na makaratasi. Wanawake wengi hudhani ndoa inamaliza kila kitu, kisha siku moja wanahitaji kusafiri au kufungua akaunti, wanakwama. Anza na cheti cha ndoa. Ndoa ya msikitini au kanisani inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini hakikisha imesajiliwa na cheti kiko mkononi mwako, si kwa shemeji. Kwa wanaotoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuingia ni rahisi, unagongewa muhuri mpakani, kama Horohoro kwa tunaotoka Kenya, na unapewa muda wa mgeni. Muda huo una mwisho. Nenda ofisi ya Uhamiaji mapema ukaulize kibali kinachokufaa, kwa sababu anayemfuata mume na anayeajiriwa hawaombi kitu kimoja. Tangu sheria ya ajira za wageni ya 2015, mwajiriwa anahitaji viwili, cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na cha ukaazi kutoka Uhamiaji.

Biashara ndiyo inayowaumiza wengi kwa sasa. Dada anakuja na mtaji wake akiwaza saluni, duka la rejareja au kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Agizo la serikali la Julai 2025 limewazuia wasio raia kufanya biashara hizo zote, pamoja na ufundi simu na nyingine kadhaa. Saluni inaruhusiwa tu ikiwa ya hotelini au ya shughuli za utalii. Tafadhali ulizia ofisi ya biashara ya halmashauri kabla hujalipa kodi ya fremu. Usitegemee maneno ya mtu anayekuambia utatumia jina lake, kwani siku mkigombana duka ni lake.

Ardhi ni hivyohivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mkijenga, nyumba itaandikwa jina la mume. Weka risiti zako za saruji, mabati na mafundi kwenye bahasha moja, miaka yote. Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kugawa mali mliyochuma pamoja, na mahakamani kitatazamwa mchango wako. Hili si kumwombea mumeo mabaya. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeninunulia faili la kuhifadhia.

Uraia unaweza kuuomba kwa tajinisi kama mke wa raia, chini ya Sheria ya Uraia ya 1995. Lakini Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, hata kama Katiba ya Kenya ya 2010 inaukubali. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa pande zote mbili naye atalazimika kuchagua akifika umri wa utu uzima. Zungumzeni na mumeo mkiwa mmetulia, si siku ya kujaza fomu. Mimi sijaomba, na sababu ni mama yangu aliye Nakuru. Kila mtu ana sababu zake na zote ni za haki.

Nimesema mlango ni msiba, basi nieleze ulivyonirudia. Baba yangu alipofariki, simu ilinikuta usiku. Asubuhi, kabla sijafungua dirisha, wanawake walikuwa uani kwangu. Mmoja ameleta mkeka, mwingine sufuria, yule bi mkubwa wa nazi ameketi kizingitini na kanga mbili. Walidhani ninazika siku hiyo. Nilipowaeleza kwamba kwetu maiti hukaa mochwari siku kadhaa mpaka ndugu wafike na michango itimie, walishangaa sana, wakaniuliza nitawezaje kusubiri. Kisha wakakaa nami. Walipika, wakapokea watu, wakaandika mchango wa mtaa kwenye daftari lilelile, na Wakristo wa jumuiya yangu walipokuja kusali jioni, mashoga zangu wa Kiislamu walinyamaza na kuinamisha vichwa.

Wanne walitaka kuvuka nami kwenda kuzika. Wawili hawakuwa na hati yoyote ya kusafiria, na kitambulisho cha taifa pekee hakimvushi Mtanzania kwenda Kenya. Tulikwenda Uhamiaji kuwaombea hati ya dharura ya safari, na siku ya mazishi walikuwa nami kaburini, wamejitanda kanga kwenye baridi ya Nakuru. Mama yangu bado anawaulizia kwa majina. Kwa hiyo dada unayekuja, ukishawapata watu wako wa uani, wahimize wakate hati zao mapema kungali na raha, kwa sababu na wewe una kwenu.