Jibu: Seneta anaweza kumbana Waziri kuhusu tuta la Mto Nyando?

Ndugu wa Ahero, nimekuelewa: tuta la kuzuia mafuriko limebomoka upande wenu, mpunga umezama, gavana asema si kazi yake, na seneta hapokei simu. Pole sana.

Gavana ana haki kiasi. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa. Kaunti ina jukumu la maji ya mvua mijini, ingawa kushughulikia maafa ni kazi ya serikali zote mbili. Basi wa kujibu ni Waziri wa Maji, na Kifungu cha 153 kinamlazimu kufika mbele ya kamati ya Seneti akiitwa.

Achana na simu. Andika barua ya ukurasa mmoja, ipeleke ofisi ya seneta, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mwombe amuulize Waziri swali lenye meno: tuta litajengwa lini, kwa bajeti ya mwaka gani, mkandarasi ni nani? Ukiuliza "serikali inafanya nini kuhusu mafuriko" utaambiwa mikakati ipo. (Wanalipenda hilo neno!) Ambatisha picha zenye tarehe.

Seneta akinyamaza, Kifungu cha 119 kinakuruhusu kuwasilisha ombi Bungeni mwenyewe, hata kwa Kiswahili, kupitia Karani wa Seneti. Eleza ulikopeleka shida hiyo kwanza, na kama kuna kesi kortini.

Ukitaka fidia ya mpunga, tafuta wakili mapema. Swali la seneta halikulipi hata ndururu.